Gari likizima lenyewe, usikimbilie pampu

Probox moja ililetwa kwangu Changamwe ikivutwa kwa kamba kutoka foleni ya feri ya Likoni. Ilikuwa imezima saa saba mchana, jua la utosi. Mwenyewe alishauziwa pampu mbili za petroli kwenye gereji moja, na bado gari lilikuwa likizima kila likipata moto, likipoa nusu saa linawaka kama kwamba halikuwa na neno.

Ndugu yangu, dalili hiyo ni ya sensa ya krenki, kidude kinachohisi mzunguko wa ule mhimili mkuu wa injini. Ndiyo inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka. Habari hiyo ikikatika, hakuna cheche, na kwenye Toyota nyingi kompyuta hukata hata umeme wa pampu. Fundi akisikiza pampu, kimya, basi anaihukumu. Pampu haina kosa, imeamriwa kunyamaza.

Kwa hivyo mpime mgonjwa akiwa bado mgonjwa. Usingoje gari lipoe. Chomeka mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu, kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, fungua ukurasa wa mizunguko ya injini, kisha mtu apige stata. Stata ikizungusha vizuri utaona kama 200 hivi kwa dakika. Ukiona sifuri na injini inazunguka, shida ni sensa, waya au plagi yake. Kodi P0335 nayo yaelekeza hapo hapo (P0340 ni ya sensa ya kemu, mhimili unaofungua vali), lakini kodi hukutajia mtaa tu, nyumba waitafuta mwenyewe.

Zima swichi, weka kitambaa kilichorowa maji baridi juu ya sensa, karibu na puli ya krenki. Ngoja dakika chache, ondoa kitambaa, piga stata. Ikiwaka, umemshika.

Ila kabla ya kununua sensa, chomoa plagi uitazame kwenye mwanga. Hewa yetu ya bahari ina chumvi. Katika ile Probox, pini moja ilikuwa na ukoga wa kijani, laini kama unga. Niliisafisha, nikavuta waya mmoja mmoja kuona kama umekatika ndani ya ngozi. Joto liliporudi, ikazima tena. Nikapima sensa kwa mita ikiwa moto: waya wa ndani umekatika kabisa. Hapo ndipo nilipomwambia mwenyewe anunue sensa mpya.

Gari linalozima ukipunguza mwendo tu ni jambo jingine. Anza na sensa ya hewa na uchafu wa koo la hewa, pale hewa inapoingilia injini.

Na likikuzimia juu ya daraja la Nyali, washa taa za hatari, shika usukani kwa nguvu maana utakuwa mzito, kanyaga breki mara moja uishikilie. Ukiipampu, unamaliza nguvu iliyobaki.

Ile Probox, sensa mpya ikiwa ndani, niliiacha ikinguruma saa nzima, boneti imefungwa ili joto lipande. Haikuzima.