Laptopu Inaikataa Fleshi ya Windows? Ijue Mashine Kwanza, Google Baadaye

Umeandaa fleshi ya kupiga Windows, umeichomeka, umewasha, na laptopu inapitiliza hadi Windows ile ile ya zamani. Unaingia Google kuuliza ubonyeze kitufe gani ili ufungue boot menu, yaani orodha ya kuchagua mashine iwakie wapi. Jibu moja linasema F12, jingine F9, jingine Esc, na jingine linakupa programu ya kupakua inayodai kutibu kila kitu. Vitufe hivyo vyote ni vya kweli, ila vya mashine tofauti: F12 ni ya Dell, F9 ni ya HP, Esc ni ya laptopu nyingi za Asus. Hiyo programu achana nayo kabisa. Mpangilio wa kuwasha umehifadhiwa kwenye ubao mama (motherboard), na unabadilishwa bila kupakua chochote.

Hatua ya 1: Jua jina kamili la mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Nakili mistari miwili, System Model na BIOS Mode. Ukikuta UEFI (mfumo mpya wa kuwasha mashine), rudi kwenye Rufus, ile programu ya kuandaa fleshi, uiandae kwa mpangilio wa GPT. Ukikuta Legacy (mfumo wa zamani), tumia mpangilio wa MBR. Fleshi nyingi zinazokataliwa ni nzima, zimekosewa hapa tu.

Hatua ya 2: Tafuta kwa kubana. Weka jina la modeli ndani ya alama za kunukuu, kisha uifunge Google kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mfano:

"ProBook 450 G8" boot menu site:support.hp.com

Matokeo yenye neno Sponsored yamelipiwa, yaruke. Angalia na tarehe, maana makala ya enzi za Windows 7 itakutuma kwenye menyu ambazo kwako hazipo.

Hatua ya 3: Linda data kabla ya kugusa kitu. Hapa naomba usiharakishe. Majibu mengi mtandaoni yanaanza na "zima Secure Boot" (ulinzi unaozuia mashine kuwaka kwa programu isiyoaminika), bila neno hata moja kuhusu BitLocker, kufuli ya diski ya Windows. Laptopu nyingi za Windows 11 diski yake imefungwa kwa usimbaji na mwenyewe hana habari. Ukibadilisha Secure Boot, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao picha na kazi zako zimebaki humo. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako ya Microsoft, uandike ufunguo huo kwenye karatasi. Kisha nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kwa sababu kupiga Windows upya kunaweza kufuta kila kitu. Fleshi ya Windows 10 au 11 iliyoandaliwa vizuri kwa kawaida huwaka Secure Boot ikiwa imewashwa.

Hatua ya 4: Washa bila kubahatisha kitufe. Tangu Windows 8 kuna Fast Startup: ukizima, Windows huhifadhi kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na nafasi ya kuwahi kitufe inakuwa finyu. Kwa hiyo usizime. Acha fleshi imechomekwa, shikilia Shift, bofya Restart. Kwenye skrini ya bluu chagua Use a device, kisha fleshi yako (hii ni kwa mashine ya UEFI; ya Legacy tumia kitufe ulichokipata Hatua ya 2). Isipoonekana, pita Troubleshoot, Advanced options, UEFI Firmware Settings, Restart. Humo tafuta sehemu ya Boot, ipandishe USB iwe ya kwanza, uhifadhi. Usiguse mpangilio wa SATA (jinsi diski inavyowasiliana na mashine) hata kama mtu amekuandikia uuguse. Windows iliyomo inaweza kugoma kuwaka.

Mpangilio ukijifuta kila unapozima na saa nayo ikirudi nyuma miaka, betri ndogo ya ubao mama imekwisha. Mara nyingi ni CR2032 ya volti 3. Saa ikikosea hata tovuti salama zinagoma kufunguka, watu wakadhani intaneti ndiyo mbovu. Badilisha betri, rekebisha saa, rudia Hatua ya 4.

Usakinishaji ukiwasha mashine upya kwa mara ya kwanza, chomoa fleshi, la sivyo utarudishwa mwanzo.