Somo: Kuunda mashua ya kwanza ya mfano, kuanzia mkuku hadi tanga

Somo hili ni la mtu anayejua kutumia msumeno na msasa kidogo, lakini hajawahi kuunda chombo chochote. Nimechagua mashua ya mwambao wetu, yenye tezi (sehemu ya nyuma) bapa, mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu, kwa sababu umbo lake halina mikunjo mikali na kwa sababu msomaji aliye Lamu, Tanga au Nungwi anaweza kwenda pwani akaitazama ya kweli pale anapotatizika. Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: sura ya chombo hupatikana kwenye mataruma, yaani mbavu zinazoshikilia mbao za nje, kabla ubao wa kwanza haujabandikwa. Anayeharakisha mataruma hawezi kuikomboa kazi yake kwa rangi wala kwa vanishi.

Kipimo na mchoro

Tutafuata uwiano wa 1 kwa 20. Mashua ya mita 8 itakuwa na urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 12 na kina cha sentimita 5 hivi, na baharia wa wastani angekuwa na kimo cha sentimita 8.5. Mafundi wengi wa Matondoni na Nungwi huunda vyombo vikubwa bila mchoro wa karatasi, wakitegemea jicho na mazoea, na huchagua miti iliyopinda yenyewe ili itoe mataruma yenye nguvu. Anayeanza hana jicho hilo, kwa hiyo achore. Chora mashua kwa ubavuni, kisha kwa juu, halafu chora sura ya kila taruma kwenye karatasi ya grafu. Mataruma 7 yanatosha. Kila taruma lichorwe nusu tu, karatasi ikunjwe katikati na ikatwe ikiwa imekunjwa, ili upande wa kulia na wa kushoto visitofautiane hata kidogo. Kumbuka kupunguza unene wa mbao za nje: kama mbao zako zina milimita 2, taruma la katikati litakuwa na upana wa sentimita 11.6 na si 12.

Mkuku na mataruma

Mkuku (uti wa mgongo wa chombo), mti wa omo (sehemu ya mbele) na fashini (mti wa nyuma) vikatwe kwa plaiwudi ya milimita 5. Kwenye kingo zake chonga mfuo mwembamba ambamo ncha za mbao zitalala. Mataruma yakatwe kwa plaiwudi ya milimita 3, kila moja likiwa na mkato wa kuingilia kwenye mkuku na miguu miwili mirefu upande wa juu. Miguu hiyo, ambayo itakatwa mwishoni, ndiyo inayosimama juu ya ubao wa kazi, kwa kuwa mashua ya mfano huundwa kifudifudi, mkuku ukiwa juu. Ubao wa kazi uwe umenyooka kabisa. Vuta uzi kutoka omo hadi tezi, na uhakikishe kwamba unapita juu ya alama ya katikati ya kila taruma kabla gundi haijakauka.

Kulainisha mkondo wa mataruma

Wengi huipita hatua hii kwa dakika chache, nami naomba uipe jioni nzima. Mataruma ya katikati yanaweza kubaki na kingo za mraba, lakini yaliyo karibu na omo na tezi lazima yasagwe kwa mshazari ili ubao uyaguse kwa upana wote wa ukingo wake na si kwa ncha tu. Bandika msasa namba 120 kwenye kipande cha mbao kirefu kinachofikia mataruma matatu kwa pamoja, kisha sugua ukifuata urefu wa chombo. Baada ya kila misuguo michache, lalisha ufito mwembamba kutoka omo hadi tezi na uutazame ukiwa umeinamisha kichwa usawa wa meza. Mwanga ukionekana kati ya ufito na taruma, taruma hilo ni fupi, basi libandikie kipande chembamba cha mbao. Ufito ukiinuka mahali pamoja na kuacha mataruma ya jirani, hapo pana kimo kilichozidi, na pasagwe. Rudia kwenye urefu tofauti wa ubavu, juu, katikati na karibu na mkuku, hadi ufito ulale wenyewe bila kulazimishwa na kidole.

Kubandika mbao

Mbao za kubandika ziwe na upana wa milimita 8 na unene wa milimita 2. Pima mzingo wa taruma la katikati kutoka ukingo wa juu hadi mkuku. Ukipata sentimita 8.8, utahitaji mbao 11 kila upande. Pima pia kwenye omo: ukipata sentimita 5.5, gawanya kwa 11, na jibu la milimita 5 ndilo upana wa kila ubao pale mbele. Ndiyo maana kila ubao hupunguzwa taratibu kuelekea omo. Usipunguze ubao chini ya nusu ya upana wake, kwani hauwezi tena kushika gundi wala pini.

Loweka ubao katika maji ya moto kwa muda wa nusu saa, uubane mahali pake kwa vibanio vya nguo hadi ukauke na kushika mkunjo, ndipo utie gundi. Anza na ubao wa ukingo wa juu wa mashua, ulio mbali kabisa na mkuku. Ukibandika mmoja kulia, ufuate wa kushoto, kwa sababu upande mmoja ukikamilishwa peke yake huvuta mkuku na kuupinda. Kwa chombo kitakachoelea, tumia gundi ya mbao inayostahimili maji. Mianya midogo huzibwa kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi hiyo hiyo, kisha ubavu wote upigwe msasa na vanishi mara tatu.

Mlingoti, foromali na tanga

Mlingoti wa mashua huinamia mbele kidogo, na jambo hili dogo ndilo linalomfanya mtu wa pwani aitambue kazi yako mara moja. Urefu wa sentimita 27 unafaa, na foromali, mti unaobeba tanga, ikaribie urefu wa mashua yenyewe, ikiwa nene katikati na nyembamba kwenye ncha. Tanga lishonwe kwa merikani nyepesi iliyochovywa kwenye chai ya rangi ili weupe wake upungue. Jarari, kamba ya kupandishia foromali na tanga, ipite kwenye tundu karibu na kilele cha mlingoti na kufungwa nyuma, na demani, kamba ya kuongozea tanga, ifungwe kwenye pembe ya nyuma ya tanga.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Huku kwetu Morogoro sipati mbao laini za madukani. Je, nitumie mninga?*

Marahaba. Mninga ni mzuri kwa usukani na mkuku, lakini ukiwa mwembamba hukunjika kwa shida. Omba masalio ya msonobari kwa seremala, uchague vipande visivyo na vifundo, ambavyo nyuzi zake zinakwenda sambamba na urefu wa ubao. Mvule unafaa pia, ila vaa barakoa, maana vumbi lake huwasha pua na kifua.

*Mbao zangu hupasuka zikifika omo, hata baada ya kulowekwa.*

Tazama nyuzi za mbao kwanza. Zikitokea ubavuni mwa ubao, utapasuka hata ukilowekwa usiku kucha. Kama nyuzi ni nzuri, tatizo ni mkunjo wa haraka: ukunje ubao kidogo kidogo juu ya bomba la chuma lililopashwa moto, ukiwa bado na maji.

*Mashua yangu inalala upande mmoja ikiwa majini.*

Iweke kwenye beseni bila mlingoti. Ikisimama wima, uzito wa tanga ndio unaoiangusha, na dawa yake ni farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo: panga chubwi (vizamisho vya mishipi) za wavuvi chini kabisa, juu ya mkuku, ukiongeza moja moja. Ikilala hata bila mlingoti, ubavu mmoja ni mnene au mzito kuliko mwingine. Farumi iliyosogezwa upande wa pili itaisimamisha, lakini pima mataruma kabla hujaanza chombo kingine.

*Fundi, naweza kuanza moja kwa moja na mtepe?*

Nakushauri usubiri. Mbao za mtepe, chombo cha kale cha mwambao wetu, hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za nazi, na kwa uwiano wetu matundu hayo yangekuwa madogo kama tundu la sindano, nayo ni mamia. Mtepe wa ukubwa kamili, Shungwaya, uliundwa upya Zanzibar mwaka 2003, na picha zake zinaonyesha vizuri mpangilio wa mishono. Maliza mashua hii, kisha ushone ubavu mmoja wa majaribio wenye mbao tatu tu, kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Mishono ikikaza bila kupasua kingo, anza mchoro wa mtepe wenyewe kwa uwiano wa 1 kwa 10.