Kupima metali nzito kwenye tope la bwawa la samaki

Ukipeleka maji peke yake maabara, bwawa lenye sumu linaweza kurudi na majibu safi. Risasi, shaba na kadimiamu hung'ang'ania chembe za udongo na kuzama nazo. Anza na tope, hasa kama bwawa linapata maji ya mto Nyamwamba kule Kasese, Uganda: mgodi wa shaba wa Kilembe ulichimbwa 1956 hadi 1982, na mabaki yake bado yako kandokando ya mto.

Chotea plastiki. Kijiko cha chuma cha pua huacha kromiamu na nikeli kwenye sampuli. Loweka vyombo kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 kwa saa 24, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa. Chota sehemu 5: maji yanapoingia, yanapotokea, katikati na pembe mbili. Chukua sentimita 5 za juu tu. Zilizo chini yake ni uchafu wa miaka ya nyuma. Changanya kwenye beseni la plastiki, tia gramu 500 kwenye mfuko, weka kwenye barafu.

Vua pia kambare 5 wa ukubwa wa kuuza. Nyama ipimwe mbali na ini, kwani kadimiamu hukaa kwenye ini na figo, ilhali zebaki huingia kwenye nyama. Ukiwasaga wazima, utapata namba isiyokuambia kitu.

Hapa ndipo wengi huangukia: uzito mkavu au mbichi? Nyama ya samaki ni maji kwa asilimia 75 hadi 80. Risasi ya miligramu 1 kwa kilo kavu ni kama 0.2 hadi 0.25 kwa kilo mbichi, chini ya kikomo cha 0.3 cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula. Uliza maabara kabla ya kuogopa.

Kwa tope kavu, Amerika Kaskazini hutumia vipimo hivi: shaba ikizidi miligramu 149 kwa kilo, risasi 128 au kadimiamu 4.98, wadudu wa tope huenda wakadhurika. Havisemi lolote kuhusu mlaji. Huyo mpimie nyama.

Tope likiwa chafu, usilimwage kwenye migomba, ingawa ndiyo desturi. Likiwa na pH (kipimo cha uchachu) chini ya 6.5, tia chokaa ya shambani, maana uchachu huzifungulia metali hizo njia ya kurudi majini. Na acha mrututu (salfeti ya shaba) wa kuua mwani: kila gramu 100 huacha bwawani takriban gramu 25 za shaba, nayo haiozi.