Je, Mwanafunzi wa Kikorea Ajifunze Hanja? Cha Kushika na Cha Kuacha

Mwanafunzi wa Kikorea anayeuliza kama ajifunze pia Hanja, yaani herufi za Kichina zinazotumika katika Kikorea, kwa kawaida huwa ameyafunga maswali mawili katika moja. La kwanza ni kama anahitaji kuzijua herufi zenyewe, sura zake na namna ya kuziandika. La pili ni kama anahitaji kuijua mizizi ya maneno ambayo herufi hizo zinaiwakilisha. Kwa wanafunzi walio wengi jibu la swali la kwanza ni hapana. Jibu la pili ni ndiyo, ila si mapema.

Kikorea cha leo huandikwa kwa Hangul, alfabeti iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446. Korea Kaskazini iliziondoa Hanja katika machapisho yake mwishoni mwa miaka ya 1940, na Korea Kusini ilipitisha mwaka 1948 sheria ya kuandika nyaraka za serikali kwa Hangul, ingawa shule zake bado hufundisha Hanja kwa kufuata orodha ya herufi 1,800 iliyotolewa mwaka 1972. Mtihani wa TOPIK, unaopima umahiri wa Kikorea kwa wageni, hauzidai. Mtu anaweza kufikia daraja la sita, ambalo ndilo la juu kabisa, bila kuweza kuandika hata herufi moja.

Hata hivyo, zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi ya Kikorea yana asili ya Kichina, na kadiri unavyotoka jikoni na kuingia darasani, ofisini au kwenye kurasa za magazeti ndivyo yanavyozidi kukuzunguka. Msemaji wa Kiswahili analielewa jambo hili haraka: kitabu, katibu, katiba na maktaba tunayasikia kuwa ni ya ukoo mmoja, hata kama hatujawahi kusoma herufi ya Kiarabu. Hisia ya namna hiyo ndiyo unayoitafuta katika Kikorea, nayo inaweza kujengwa ukiwa ndani ya Hangul.

Miezi ya mwanzo iache ipite. Maneno utakayokutana nayo kwanza, kama 물 (maji), 밥 (wali), 사람 (mtu) na 먹다 (kula), ni ya Kikorea asilia na hayana Hanja, na wakati huo una kazi ya kutosha ya viambishi na lugha ya heshima. Pengine siku za wiki tu ndizo zinazofaa kuchunguzwa mapema, kwa sababu majina yake ni mwezi, moto, maji, mti, chuma, udongo na jua, na silabi hizo saba zitakurudia mara nyingi. Kazi yenyewe ianze unapokaribia daraja la tatu la TOPIK, pale maneno mapya yanapoanza kufanana hadi yanachanganya.

Tenga daftari ambalo kila ukurasa wake ni wa silabi moja. Silabi usiipe ukurasa mpaka uwe umekutana nayo katika maneno matatu unayoyajua tayari. Orodha za kukariri zilizoandaliwa na wengine hazikai kichwani, kwa sababu hazina maneno ya kushikilia. Kisha fungua kamusi. Kamusi ya mtandaoni ya Naver, kwa mfano, huonyesha Hanja kando ya neno, na hapo ndipo herufi inapokufaa hata kama huwezi kuiandika: inakuambia kama maneno mawili yenye sauti moja ni ndugu kweli au yanafanana tu.

Chukua silabi 수. Utaikuta katika 수영 (kuogelea), 생수 (maji ya kunywa ya chupa), 홍수 (mafuriko) na 잠수함 (nyambizi), na kamusi itaonyesha 水, maji, katika yote manne. Lakini 악수 (kupeana mkono), 박수 (makofi), 수술 (upasuaji) na 가수 (mwimbaji) yana 手, mkono, ambayo pia humtaja mtu mwenye ustadi fulani. 수학 (hisabati) ina 數, idadi. Halafu kuna 수박, tikitimaji, ambalo kila mwanafunzi angeapa kwamba lina maji ndani yake. Neno hilo ni la Kikorea asilia na halina Hanja yoyote. Kwa hiyo ukurasa wa 수 ugawe mafungu, na tikitimaji liandike pembeni kama onyo.

Faida huonekana siku unapokutana na neno geni. Ukiona dukani 방수 시계, na tayari una 예방 (kinga), 소방서 (kituo cha zimamoto) na 국방 (ulinzi wa taifa) katika ukurasa wa 방, utajua bila kuuliza kwamba hiyo ni saa isiyoingiza maji. Tumia mizizi kwa namna hii, kufahamu neno lililokwisha kuwapo, wala usiitumie kuunda maneno yako mwenyewe, kwa maana Wakorea hawatayatambua. Jihadhari pia na silabi zinazobadilika zikiwa mwanzoni mwa neno: 女, mwanamke, ni 여 katika 여자 lakini 녀 katika 남녀 (wanaume na wanawake). Kaskazini huandika 녀 kote.

Wako wanaopaswa kujifunza herufi zenyewe. Mtafiti wa historia, wa sheria za zamani au wa Ubuddha hana njia nyingine, na hata magazeti ya Seoul ya miaka ya 1970 yamejaa Hanja. Anayekijua Kichina amepata nusu ya kazi, lakini akumbuke kwamba Kikorea hutumia sura za zamani, 學 badala ya 学, na kwamba maana huhama: 愛人 kwa Mkorea ni mpenzi, ilhali China bara neno hilo hutumika kumtaja mume au mke.

Wengine wote watosheke na herufi chache za kutambua kwa macho. Vichwa vya habari huandika 美 kwa Marekani, 中 kwa China, 日 kwa Japani na 北 kwa Korea Kaskazini. Baadhi ya mikahawa huonyesha ukubwa wa sahani kwa 大, 中 na 小. Na ukiishi Korea utaalikwa harusini na utakwenda msibani, ambako fedha hutolewa ndani ya bahasha zinazouzwa zikiwa zimeshapigwa chapa: 祝結婚 ni pongezi za ndoa, 賻儀 ni rambirambi. Hutahitaji kuandika chochote kati ya hivyo, lakini hakikisha unazitofautisha kabla ya kulipia, kwa sababu kosa la kiambishi Mkorea atakusamehe papo hapo, ila kumkabidhi mfiwa bahasha ya harusi ni jambo jingine.