Somo: Jinsi ya kusaka katuni ya utotoni iliyokutoka jina

Wadau, watu wananiuliza sana hii kitu so wacha niiandike vizuri mara moja. Hizi katuni tulizitazama mtaa mzima tumejazana sebuleni kwa jirani mwenye TV, na inauma kukosa hata jina la kitu ulichokipenda hivyo. Nyingi zinapatikana, shida ni vile tunaanza.

Hatua ya 1. Usiguse Google bado. Shika karatasi uandike kila kitu unakumbuka kabla hujaona picha yoyote, juu ukishaona picha kichwa kinazimeza na kuanzia hapo hujui gani uliona 1991 na gani umeona leo asubuhi. Kama mlitazama na ndugu zako, kila mtu aandike yake pekee yake halafu ndio mlinganishe. Mkianza na stori, yule wa sauti kubwa ndiye atawakumbusha wote, na akikosea mmekosea nyote. Watu wanairuka hii hatua na ndio ya maana kuliko zote.

Hatua ya 2. Mwaka utoe kwa maisha yako. Mlikuwa mnaishi wapi, ulikuwa darasa la ngapi, TV ilikuwa gani. Kama yenu ilikuwa ile Great Wall ya blaki na waiti na unaapa ndege alikuwa mwekundu, basi uliona kwingine ama rangi umejiwekea. Halafu stesheni za hapa Kenya: KTN ilianza 1990, kabla ya hapo ni KBC tu, na hadi 1989 ilikuwa inaitwa VoK (Voice of Kenya). Na usisahau kanda za video za kukodi, kuna katuni hazikupita TV kabisa.

Hatua ya 3. Tafuta kitu cha ajabu, achana na hadithi. "Kijana anapigana na watu wabaya" ni katuni zote duniani. Lakini ukiandika kwa Kiingereza ndege mkubwa wa dhahabu anapaa kwa nguvu ya jua na mtoto ana medali shingoni, utapelekwa moja kwa moja The Mysterious Cities of Gold, ya 1982, kazi ya Wafaransa na Wajapani, na mtoto ni Esteban.

Hatua ya 4. Ilichorwa, ilikuwa vikaragosi vya kuchezeshwa kwa mkono, ama sanamu za udongo? Andika.

Hatua ya 5. Hakikisha. Picha moja isikutoshe, tafuta wimbo wa kuanzia kule YouTube, ule wa Kiingereza kama uliiona kwa Kiingereza, juu kila nchi inaweza kuweka wake. Halafu angalia kama ile kitu ya ajabu kwa karatasi yako iko kwa episodi. Ikigoma kabisa, nenda Kenya National Archives pale Moi Avenue uombe magazeti ya zamani, usome ukurasa wa vipindi vya TV. Ni kazi ya kukaa lakini inalipa.

MASWALI

Mdau wa Kayole: Mkuu, yangu ni pengwini wa udongo, na sikuelewa hata neno moja. Ni juu sikuwa najua Kizungu?

Jibu: Hapana kaka, hiyo ni Pingu ya Uswizi, ilianza 1990, na lugha yake ni ya kubuni, hata Mzungu haelewi.

Mdau wa Umoja: Na ya wanyama wamechorwa na madoadoa hivi, kakangu mdogo aliipenda sana?

Jibu: Dada, jaribu Tinga Tinga Tales ya 2010. Ilitengenezwa hapa hapa Nairobi, uchoraji wenyewe ni wa Tanzania, mtindo wa Edward Saidi Tingatinga. Najivunia sana hiyo.

Mdau wa Buruburu: Mimi nakumbuka ndege wa dhahabu na pia kijana mdogo sana amebebwa mgongoni na bata bukini, nimesaka sipati.

Jibu: Hizo ni mbili zimeshikana, inatokea sana. Wa bata bukini ni Nils Holgersson, ya Japani 1980, kutoka kitabu cha Selma Lagerlöf wa Uswidi. Gawa karatasi mara mbili, kila kumbukumbu uiweke upande wake, na kama uko na dada mkubwa muulize yeye anakumbuka nini kabla hujamwambia yako.