Nenda na sumaku unapochagua jiko la kuchomea nyama
Ukitafuta jiko la kuchomea nyama la kuweka uani hapa Mombasa, liwe la makaa au la gesi, nenda dukani na sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji, uiguse kwenye wavu, kwenye kifuniko na hasa, kwa jiko la gesi, kwenye mirija ya moto iliyo chini ya wavu. Upepo wa bahari huja na chumvi inayokula chuma usiku na mchana. Stenlesi ya daraja la 304, yenye nikeli, huistahimili vizuri zaidi na kwa kawaida haishiki sumaku, ilhali ile ya 430, ambayo bei yake ni nafuu, hushika sumaku barabara na hupata madoa ya kutu mapema. Dukani zote mbili huitwa stenlesi, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha.

Kipimo hiki kina mipaka. Stenlesi ya 304 iliyokunjwa kiwandani huweza kushika sumaku kidogo kwenye pembe, kwa hiyo jaribu katikati ya bapa. Nayo ile ya 201 huweza kupita mtihani huu ingawa hushika kutu upesi kuliko 304, basi omba daraja liandikwe kwenye risiti. Kwa jiko la pipa la mafundi wa jua kali sumaku haisaidii, kwa kuwa ni chuma cha kawaida: tazama unene wake, na kila umalizapo kuchoma mishikaki upake wavu mafuta ya kupikia ungali na joto.