Kupunguzia nyanya machipukizi kwa sisi wa Tanga (jua letu sio la Lushoto)

Kabla hujagusa mche angalia pakiti ya mbegu. Hili watu wanaliruka afu wanakuja kulalamika eti nyanya zimegoma kuzaa. Kuna nyanya fupi na nyanya ndefu. Fupi, mfano Cal J, Roma na Rio Grande, zinafika kimo fulani zinasimama, na hayo matawi yake ya pembeni ndo yamebeba mzigo, ukiyakata umekata nyanya zako mwenyewe kwa mkono wako. Hizo toa tu majani yanayogusa udongo na vichipukizi vilivyo chini ya kichala cha kwanza cha maua, basi, ziache. Ndefu kama Anna F1 na Money Maker haziachi kurefuka mpaka zife, na hizo ndo tunazungumzia hapa.

Na ukweli usemwe, mche uliopunguzwa kwa hesabu ya nyanya mojamoja unatoa chache kuliko ulioachwa holela. Ila zinakuwa kubwa, zinawahi kuiva, haziozi kwa kulala chini, na miche unaweza kuisogeza, sentimita 45 mche kwa mche ukiacha shina moja, kwahiyo ukijumlisha shamba zima mzigo unapanda. Pale sokoni Mgandini mteja anachagua fungu kwa macho tu, masalo (zile mbovu mbovu zinazobaki) utayauza kwa bei ya masalo.

Haya, chipukizi lenyewe. Tazama pale jani linapoungana na shina, kwapani kabisa, utaona kijitawi kinachomoza. Ndo hicho. Usikichanganye na kichala cha maua, kichala hakikai kwapani, kinatoka kwenye shina lenyewe katikati ya jani na jani, na wanaoanza hapa ndo wanapoharibu, wanang'oa maua wakidhani wanasafisha. Kikiwa bado kifupi, sentimita 5 hivi, kishike kwa gumba na shahada, kipinde kushoto afu kulia, kinakatika chenyewe, kisu cha nini. Vidole vitageuka kijani afu vyeusi, na ukinawa kwa sabuni maji yanatoka njano njano, ni kawaida, kila anayelima nyanya ana hivyo vidole.

Fanya asubuhi umande ukishakauka ili kidonda kipate mchana mzima wa kukauka. Mvua ikinyesha acha, hata kama yamejaa, kidonda kibichi na maji ni kuukaribisha ugonjwa. Pita kila wiki, kwa joto la huku ukiruka wiki mbili utakuta kichaka.

Kama chipukizi limeshakuwa nene kuzidi penseli usilirarue, litachuna na ganda la shina. Kata ncha yake tu, uache majani mawili. Na mi nadhani kwa Tanga mjini, Pongwe na Amboni hii njia ya kuacha majani mawili ni nzuri hata kwa machipukizi ya kawaida ya juu, kwa sababu ya jua. Watu wanafata maelekezo ya green house za sehemu za baridi wanaupara mche unabaki fimbo, afu nyanya inapigwa na jua la saa saba inatoka doa jeupe upande mmoja, doa linalainika, linaoza. Jani ni mwavuli wa nyanya, usiwe na haraka nalo. Kinachotakiwa kutoka ni majani ya chini, sentimita 30 kutoka ardhini pawe wazi, maana mvua ikipiga udongo matope yanaruka na vimelea vya bakajani (ugonjwa wa madoa ya majani) vinapandia hapo hapo. Toa mawili matatu kwa siku moja, sio yote.

Shina moja au mawili? Inategemea msimu. Ukilima kuelekea masika acha moja, hewa ipite, majani yakauke haraka. Kipupwe, Juni mpaka Septemba, ndo wakati wake mzuri huku pwani, unaweza kuacha mawili, la pili liwe lile chipukizi lililo chini tu ya kichala cha kwanza maana lina nguvu kuliko yote, ila hapo panua nafasi iwe sentimita 60. Wakati wa kaskazi, Januari Februari, usiku nao unakuwa moto na maua yanapukutika tu, hapo hata upogolee kwa ustadi gani huongezi kitu, acha majani mengi na umwagilie bila kuruka.

Kusimika miti ya kuegemeza mche fanya mapema, mche ukiwa mdogo, usije ukachoma mizizi baadaye. Fito au mianzi ya mita 2 inatosha. Fito za mikoko ni ngumu kweli ila ile ni misitu ya hifadhi, kukata bila kibali ni kesi. Kamba tumia ya katani jamani, mkoa umelima katani tangu 1893 afu tunafunga nyanya kwa nailoni inayokata shina! Funga kwa mtindo wa namba nane, tundu moja kwenye mti moja kwenye mche, tundu la mche liwe legevu kidole kipite, na fundo likae chini ya jani, sio chini ya kichala, kikijaa kitavunjika.

Wavuta sigara nawa mikono kwanza, tumbaku inaweza kuwa na virusi vinavyoingia kwenye nyanya. Miche yenye rasta (majani yaliyojikunja kwa virusi) iguse mwisho. Na ukiona mche umenyauka ghafla majani yakiwa bado mabichi, kata kipande cha shina la chini ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, ukishuka uzi mweupe wa maziwamaziwa huo ni mnyauko bakteria, ng'oa na mzizi wake, peleka mbali, na kisu kioshe kwa jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji.

Vichala vikifika vitano sita, kata kilele, uache majani mawili juu ya kichala cha mwisho, nguvu ishuke kwenye nyanya zilizopo. Machipukizi uliyotoa yenye urefu wa shibiri usiyatupe kama mche mama ni mzima, yatumbukize kwenye chupa ya maji kivulini, yataota mizizi, mbegu ya hybrid (chotara) bei yake unaijua.